Nilijibu Salamu, Baba Akachinja Dume

Admin, nifiche jina, kwa sababu watu wa kwetu wako kwa hii page na midomo yao naijua. Mimi ni msichana wa miaka ishirini, kwetu ni upande wa Lokitaung, lakini sasa niko Kakuma kwa shangazi. Mwaka jana, 2012, nilifanya mtihani wa Form Four huko Lodwar. Nikapata D. Si D plus, D yenyewe.

Siku matokeo yalipotoka baba alipanda mlima kutafuta network, akanipigia. Nilikuwa nimelia mpaka sauti imeisha. Akasema, "Ejok?" Nikamjibu, "Ejok." Kwetu hiyo ndiyo salamu, maana yake 'ni nzuri', na unaijibu hivyo hata kama umefiwa. Nilikuwa navuta pumzi nimweleze, simu ikakatika. Kumbe baba hakuwa ananisalimia. Alikuwa anauliza matokeo.

Nilipofika nyumbani nilikuta wanawake wanaimba jina langu na nyama iko motoni. Baba alikuwa amechinja dume lake la ng'ombe, lile ambalo wazee wenzake humwita yeye kwa jina la hilo dume. Alishatangazia kila mtu kwamba naenda kusomea unesi. Nilimvuta nyuma ya boma nikamwambia ukweli. Hakunipiga, na heri angenipiga. Aliniangalia vile anaangalia mbuzi mgonjwa, akasema, "Watu wameshakula. Nitawatapisha?"

Ni yeye aliyepanga mwaka wangu huu. Nije Kakuma, nirudie Form Four kimyakimya, hata mama asijue, wafikiri niko chuo. Nikifungua mdomo, hakuna karo.

Shangazi anauza makaa kwa wakimbizi. Siri anaijua na anaifurahia sana. Huniita "D". D leta maji, D fagia hapa. Wateja wanadhani ni kifupi cha daktari, na mama mmoja wa Sudan Kusini ameshaanza kunionyesha mguu wake uliovimba. Shangazi hucheka mpaka anashika mbavu. Mimi nameza tu, kwa sababu mwaka huu hesabu zinaniingia, na mwalimu anasema nikiendelea hivi naweza kufika C plus. Nilishakubali kuitwa chochote mpaka mtihani uishe.

Sasa wiki iliyopita mama alinipigia na furaha tele. Mke wa kaka yangu ni mjamzito. Mimba ya kwanza iliharibika, nusura afe, na zahanati wamemwambia safari hii lazima azalie hospitali Lodwar. Amekataa. Mama akampa simu.

"Wifi, mimi sitaki wageni wanishike," alisema. "Si wewe ni nesi yetu? Nakungoja."

Nilimbembeleza aende Lodwar. Alicheka, akasema kumbe chuo kimenifunza uvivu. Nikampigia baba, nikidhani hapo moyo wake utalegea. Akaniambia, "Mwambie basi. Halafu kuja uchunge mbuzi, shule imeisha." Wanaishi boma moja, analiona lile tumbo kila asubuhi, na amenyamaza. Namchukia, na nasema hivyo bila aibu.

Najua mtaniambia niseme ukweli. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na cheti chako ndani ya sanduku. Mimi nikikosa hiki cha mwaka huu, ni mbuzi na kuolewa na yeyote atakayekuja, basi. Lakini wifi yangu ana miaka kumi na tisa, ananipenda, na hajui kwamba mtu anayemngoja hajawahi kumshika hata mtoto mchanga.

Mwezi wake ndio huu. Jana mama aliniuliza nitafika lini, na mdomo wangu ukasema Ijumaa. Nishaurini jamani, nifanye nini? Wifi ameshanitandikia mahali pa kulala.