Maganda Yaliyopita Motoni

Mwalimu Scholastika amefundisha kemia shuleni kwetu Nambilanje miaka kumi na mmoja. Mimi nimekaa naye meza moja ya ofisi kwa miaka sita, kwa hiyo uchovu wake naujua kuliko wangu. Ana vipindi thelathini kwa wiki, na maabara yenye chupa nane na bomba lisilotoa maji. Akikwambia "niko poa," ujue ana homa.

Mara tatu aliomba nafasi ya utafiti kwenye maabara ya chuo kikuu huko Dar es Salaam. Kule wanapima jinsi elektroni zinavyopita ndani ya molekuli moja, iliyobanwa kati ya ncha mbili za chuma. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Alinieleza hadi nikaomba poo. Wazo lake lilikuwa la kwetu kabisa: mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua mikono, yana molekuli zenye mkia mrefu. Alitaka kujua kama umeme unapita humo.

Machi mwaka jana akajibiwa. Miezi sita, aripoti Jumatatu na kilo mbili za maganda. Yasiwe yamepita motoni, maana joto hung'oa ile sehemu ya molekuli inayoshika chuma.

Akampigia mama yake, Bibi Lusiana, kule Mkotokuyana. "Mama, zile korosho ulizobakiza, zibangue unitunzie maganda. Mabichi, mama."

"Nimesikia, mwanangu."

Jumamosi nikampeleka kwa pikipiki yangu. Bibi Lusiana akatoa mfuko, anatabasamu. Maganda yalikuwa meusi, makavu, yamepepetwa vizuri.

"Uliposema mabichi nikajua umesahau," akasema. "Nimekukaangia yote. Hayatakuunguza tena."

Scholastika ana kovu juu ya mdomo. Alikuwa na miaka mitano alipong'ata korosho mbichi. Huku kwetu hakuna mama mwenye akili anayempa mtoto wake maganda mabichi, awe mwalimu au asiwe. Nilijua hilo, na bado nilikasirika. Nikafungua mdomo, Scholastika akanikanyaga mguu.

"Asante, mama. Ndiyo haya haya niliyotaka."

Tukapita nyumba kwa nyumba kuulizia. Korosho za watu zilikwenda ghalani kuuzwa zamani, na za kula zilishakaangwa. Scholastika akampigia Daktari Raudha, msimamizi wa maabara ya chuo.

"Pole, mwalimu. Nafasi itakwenda kwa anayefuata. Omba tena mwaka ujao."

Jumatatu alikuwa mbele ya kidato cha pili, ameshika chaki. Mama alipopiga kuuliza kama maganda yamefaa, akajibu yamefaa sana. Nilimwambia hapo anakosea. Akasema amechoka, nimwache.

Oktoba ya mwaka huo huo tukiwa tunasahihisha madaftari, simu ya Scholastika ikaita. Akaiweka sauti ya juu ili aendelee na kazi.

"Mwanangu, msimu huu sikungoja uniombe," alisema Bibi Lusiana. Alikuwa anakohoa. "Korosho za mikorosho yote, ghalani sijapeleka hata moja. Nimemaliza kuzikaanga leo. Moshi umenisumbua kidogo tu. Gunia tatu za maganda, waambie wenzako wa chuo wasihangaike."

Scholastika akaweka kalamu nyekundu chini. Kule kwenye simu mama yake alikuwa bado anakohoa.

"Mama," alisema. "Mama, nisamehe."