Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Mwaka wa nne wa udaktari, baada ya muda hospitalini Kitale, chuo kilituhamishia Bungoma kwa mazoezi ya wodini, na huko tukakuta kwamba kila Jumatano mchana tunafundishwa kuchora na kuigiza. Nilipompigia mama yangu simu, yeye anauza nguo za mitumba Kitale, aliniuliza hiyo michezo inatibu ugonjwa gani. Wiki hiyo tulikuwa tumechora mikono ya wagonjwa kwa penseli, na niliouchora mimi ulitoka kama tangawizi.

Mwalimu wetu, daktari mwanamke kutoka pwani, alikuwa na mpango wake. Aliwaita akina mama wa kikundi cha maigizo cha kanisa moja upande wa Naitiri, akampa kila mmoja ugonjwa wa kuigiza pamoja na siri moja ambayo mwanafunzi alipaswa kuifikia. Mgonjwa analalamikia hiki, kumbe kilichomleta ni kile. Hilo halikunisumbua, maana nimekulia kibandani kwa mama. Mteja anayetaka gauni la bluu haligusi. Anashika sweta, analaumu sweta, anauliza bei ya sweta, nawe ukiwa na akili unanyamaza mpaka mkono wake ufike penyewe.

Rafiki yangu hakujua kunyamaza. Alikuwa kijana wa Kibukusu, mpole kabisa nje ya wodi, lakini akishavaa koti jeupe alimkatiza mgonjwa kabla hajamaliza kukohoa. Mtihani wa kwanza wa maigizo ulimshinda hivyo hivyo. Mgonjwa alitaja tumbo, yeye akamalizia sentensi, akaandika dawa, akaaga. Siri ikabaki na mwenyewe. Sasa alikuwa amepewa marudio, na akianguka tena angerudia mwaka mzima. Kwao walikuwa wamemwoza juzi tu, na majirani walishaanza kumwita bibi yake mke wa daktari.

Siku ya marudio nilimsindikiza, na waliorudia walipangiwa wagonjwa kwa kutoa vikaratasi kwenye mkebe. Nilivihesabu mara mbili kabla ya mtu kugusa, mazoea ya soko. Yeye akatoa chake, akafungua mlango wa chumba cha mtihani, akaufunga polepole.

"Ni mama mkwe," akaniambia. "Siwezi ingia, bana."

Mimi wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Central, lakini huwezi kuishi huku usijue mambo haya. Kwa Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawaketi pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Huyu sasa alitakiwa amwangalie machoni, amfunge mkono kwa kipimo cha presha, amuulize analalaje usiku. Mama wa watu alikuwa amekuja kushika nafasi ya mwenzake aliyefiwa, akiamini mkwewe bado yuko Kitale.

Mwalimu alichungulia chumbani akamkuta mama mkwe amejifunika leso kichwani na kugeukia ukuta. Akafurahi sana. Alisema huyu ndiye pekee aliyeingia katika uigizaji kabla ya kuambiwa aanze.

Ilibidi nimweleze. Kisha nikafungua bei, na bei hufunguliwa juu: nikaomba mtihani uahirishwe hadi mwezi ujao. Akakataa. Nikashuka, nikaomba abadilishiwe mgonjwa. Akasema wodini hatutachagua wagonjwa, na hilo lilikuwa kweli. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeondoka, nikarudi hatua moja. Basi angalau lile pazia la kitanda livutwe, mimi nikae katikati, nipeleke maneno na nishike kitakachohitaji kushikwa. Hicho ndicho nilichokuwa nataka tangu mwanzo. Mwalimu akavuta pazia mwenyewe. Nadhani alijua ameuziwa.

Tukaanza.

"Mwambie daktari ni kichwa," mama akasema nyuma ya pazia.

"Daktari, anasema ni kichwa," nikasema, ingawa daktari alikuwa amesikia, na hata aliyekuwa nje dirishani alikuwa amesikia.

"Muulize kilianza lini."

Nikauliza. Alipojibu, rafiki yangu akafungua mdomo kumalizia, akakumbuka kwamba jibu halijamfikia rasmi, akaufunga. Ikawa hivyo kila mara. Neno lilitoka kwa mama, likapita kwangu, ndipo likafika kwake, na sikuwa na haraka. Nilimfunga mama kipimo, nikasoma namba, ikawa juu kama karatasi ya mwalimu ilivyotaka. Rafiki yangu akamwuliza kupitia kwangu kama anameza dawa zake za presha. Mama akasema anameza.

Hapo mimi nilikosa cha kupeleka, nikanyamaza. Rafiki yangu naye akanyamaza, akiangalia viatu vyake. Pazia likatulia. Nilijua mkono uko kwenye sweta.

"Mwambie," mama akasema kwa sauti ya chini, "hizo dawa tunagawana na mzee. Zake ziliisha."

Ndiyo iliyokuwa siri. Nikaifikisha neno kwa neno. Kwenye mtihani wa kwanza rafiki yangu angemwaga mahubiri hapo.

"Muulize mzee naye anajisikiaje," rafiki yangu akasema.

Mwalimu akaandika kitu. Lakini hakuwa amemaliza. Alimwambia rafiki yangu kwamba amesikiliza vizuri, ila dada huyu hataajiriwa kumfuata maisha yake yote. Je, mama mkwe akiletwa usiku, amezimia, na daktari ni yeye peke yake?

Nilijua jibu la kupendeza ni lipi, kwamba wodini hakuna mkwe, nikaomba moyoni asilitoe. Alifikiri mpaka mwalimu akaweka kalamu chini.

"Nitamshika," akasema. "Nitafanya yote. Halafu asubuhi nitaita wazee watuondolee mwiko."

Nyuma ya pazia kitanda kikalia.

"Mwambie mwalimu," mama akasema, na hii haikuwa kwenye karatasi yoyote, "nikizimia, anishike. Nikiwa macho, apitie kwa huyu msichana."

Mwalimu alicheka mpaka akatoa leso. Akampitisha, akampunguzia alama za kumtazama mgonjwa machoni, na sikubisha. Ukipata ulichotaka, usirudi kuomba nyongeza. Rafiki yangu akageukia ukuta, mama akapita nyuma yake akatoka, na hakuna aliyemuaga mwenzake.

Tuko wodi moja sasa. Mgonjwa akimjibu, huwa anangoja kidogo kabla ya kuuliza lingine, kichwa ameinamisha upande niliokuwa nimekaa siku ile, kama anasubiri nimfikishie. Mara nyingi hapo ndipo mgonjwa anaongeza neno.