Skrubu za Mzee

Wajukuu wangu hunicheka kwamba nikipewa simu mpya siigusi kwa kazi mpaka niigeuze yote: herufi ziwe kubwa, mlio uwe mzito, kioo kisiniwakie usoni. "Bibi, si uiache ilivyokuja," wananiambia. Siachi. Niliwahi kuacha kitu kilivyokuja, nikaumia msimu mzima wa mvua, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu mjini alikuwa Ndugu: Ndugu Meneja, Ndugu Karani, hata mchoma mishikaki alikuwa Ndugu. Mimi, binti wa mtaa wa Kasingirima, nilikuwa nimetoka masomoni nikapangwa posta ya Kigoma kupiga telegramu. Mpigaji mwingine alikuwa mmoja tu, Muha mmoja mtu mzima, mrefu kama nguzo za waya wenyewe, na huyo hakuna aliyethubutu kumwita Ndugu. Alikuwa Mzee. Yeye alishika asubuhi, mimi mchana. Meza yetu moja, kiti kimoja, chombo kimoja.

Chombo chenyewe kilikuwa kipande cha shaba juu ya ubao, chenye kirungu cha kushikia na springi chini yake. Ukibonyeza na kuachia unatoa nukta, ukikawia unatoa mstari, na mtu wa Tabora, upande wa pili wa waya, anasikia kisanduku chake kikigonga, anaandika. Skrubu mbili ndizo zenye amri. Moja hukaza springi, ya pili huweka nafasi kati ya shaba na shaba. Masomoni tulifundishwa kuzigeuza mpaka zifuate mkono wa mpigaji, na somo hilo nilikuwa nalijua vizuri kabisa.

Lakini pale mezani zilikuwa skrubu za Mzee. Alizikaza yeye, kwa ule mkono wake wa kung'oa mihogo, pengine nami sijazaliwa. Kwetu mtoto hakalii kiti cha mkubwa, na mimi nilikuwa nimeshakikalia chake. Niliona makosa hayo yanatosha. Nikaziacha. Nikakiacha na kiti alivyokiinua kwa vipande vya mbao, miguu yangu ikaning'inia. Nikaliacha hata kopo la maziwa ya unga alilolisimamisha nyuma ya kisanduku cha kusikilizia, ili mlio ushinde kelele za mvua kwenye mabati. Kopo hilo lilielekeza mlio kushoto, maana sikio la kulia la Mzee lilikuwa limekufa. Langu la kulia ndilo zima zaidi. Basi nilikaa nimepinda shingo mchana kutwa, wateja wakawa wananiona kisogo tu, wakasema binti wa telegramu anaringa.

Na ile springi! Ilikuwa ngumu kama kengele ya baiskeli iliyoshika kutu. Nukta zangu nyingine hazikufika kabisa. Kila nikimaliza mstari mmoja, Tabora wanagonga: rudia. Ninarudia. Rudia tena. Nyumbani mama alinikanda mkono kwa mawese ya moto huku akiuliza, "Kazi gani hii ya kukaa kitini, inavimbisha mkono kuliko jembe?"

Siku moja Meneja aliniita. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kusema maneno makali kwa sauti ya upole. "Ndugu, Tabora wanalalamika. Mvua zikiisha na mkono haujanyooka, nitakuhamishia kaunta, ukauze stempu."

Stempu hazina ubaya. Lakini mimi niliipenda kazi ya waya kupita kiasi. Nilipenda kwamba mtu anateremka mtumbwini kutoka Mwamgongo, suruali bado imelowa magotini, ananipa maneno yake, na kabla hajarudi ufukweni maneno yameshavuka mto Malagarasi. Kaunta ningekufa kwa uchovu wa moyo.

Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni alipokuja baba mmoja wa Kidahwe. Wamehamishiwa kijiji kipya, nyumba ya zamani imebaki tupu, na mdogo wake wa Dar es Salaam yu karibu kusafiri kuja likizo. Alitaka huyo mdogo aambiwe: usipande mlimani, tuko barabarani. Maneno machache tu. Nikapiga. Rudia. Nikapiga. Rudia. Baba yule amesimama pale, kofia mkononi, anauliza kwa adabu, "Yamefika, mama?" Bado. "Sasa je?" Bado.

Nikapandwa na hasira. Sijui nilimkasirikia nani, Tabora, Mzee, au mkono wangu mwenyewe. Nikachomoa bisibisi kwenye droo, nikalegeza springi, nikapunguza nafasi, nikasukuma kopo upande wa kulia, nikavuta zile mbao chini ya kiti na kuzitupa ukutani. Kisha nikapiga. Mkono ulikwenda wenyewe. Tabora hawakuomba kitu. "Yamefika," nikamwambia yule baba, naye akavaa kofia yake.

Hasira zikaisha, hofu ikaingia. Kesho yake niliwahi posta asubuhi nikiwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima. Nikamkuta Mzee amechuchumaa, anarudisha mbao chini ya kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwakeye, binti," akaongeza salamu ya asubuhi ya Kiha. Akakaa, akagusa chombo kwa kidole, akageuza skrubu mbili kwa ukucha wa dole gumba, akarudisha kopo kushoto. Yote yale hayakuchukua muda wa kunywa chai. Kumbe pembeni ya kila skrubu palikuwa na alama aliyoikwaruza kwa msumari, ya kumwonyesha pake ni wapi.

"Mzee, nisamehe, nimegusa vitu vyako."

"Vyangu?" Akacheka mpaka akakohoa. "Kwani zimechomelewa hizi? Mimi nilisema, binti huyu ana mkono mzito kama wangu, nikajisifu hadi kwa mke wangu."

"Sasa mbona hukuniambia, Mzee?"

"Wewe mbona hukuniuliza?"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akanipa msumari wake, nami nikakwaruza alama zangu kando ya zake.

Mchana uleule Meneja akaja kunipima mkono. Alivuta kiti cha kaunta akaketi ubavuni mwangu, akanipa telegramu ndefu ya serikali, ya shehena ya mbegu na majembe. Nikaweka skrubu kwenye alama zangu, nikapiga mpaka mwisho. Halafu kisanduku kikaanza kugonga, na mimi nikaandika polepole.

"Wanaomba urudie?" aliuliza Meneja.

"Hapana. Wanauliza huyu mgeni ni nani, na Mzee wa mchana amekwenda wapi."

Meneja akakunja uso. "Waambie."

Nikapiga kwamba mchana hakuna Mzee. Ni binti, na si mgeni, yuko hapa tangu mvua za kwanza. Jibu likaja: Pole sana. Nilidhani ni Mzee, mkono unamuuma. Nilikuwa namwombea dua. Karibu, dada.

Nilimsomea Meneja yote. Akainuka, akarudisha kiti mahali pake, na habari za kaunta sikuzisikia tena. Mimi nikabaki nimeshika kirungu cha shaba. Msimu mzima nilikuwa nimepiga kwenye waya ule, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya kwanza.