Fundi aliyeipoteza sauti ya Hilding

Saa tatu asubuhi, theluji ya Februari ingali imerundikana mlangoni, Egon Sellstedt anaipangusa CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Upande wa pili wa meza amesimama Rune, dereva mstaafu wa malori, kofia mkononi.

"Humu kuna nani?" Egon anauliza.

"Kuna nani vipi? Ni kodiani tu."

"Anayeipiga ni nani?"

"Mzee wangu. Tulimrekodi jikoni siku alipotimiza miaka sabini."

"Basi hii haibanwi. Inaingia nzima."

"Acha hizo, Egon! Nataka na za dansi zote ziingie, na kidude chenyewe ndicho hiki."

"Za dansi nitazibana mpaka zilie. Zile utazinunua tena. Mzee wako utamnunua wapi?"

Rune anacheka. Anakisogeza kifaa chake mezani, kidogo kama kiberiti. "Haya, fanya unavyojua."

Egon ana miaka sitini na sita. Duka lake liko nyuma ya bandari ya Härnösand, kaskazini mwa Sweden. Alianza kwa kutengeneza redio. Watu walipoacha kuzileta, akageukia kunakili CD na kuzihamishia kwenye vifaa vya kusikilizia muziki vya mfukoni. Enzi hizo alipata wateja arobaini kwa wiki. Siku hizi wakija wanne anashukuru.

Kazi yake kubwa ni kuchagua. Faili nzima hubeba kila kilichomo kwenye CD, lakini hujaza kifaa upesi. Faili iliyobanwa, kama MP3, hukaa padogo, kwa kuwa mashine hutupa sauti ambazo inadhani sikio halitazikosa.

"Inadhani," anasema Egon. "Mimi nami nilidhani hivyo hivyo."

Septemba 2007 aliingia dukani Gunvor Nyhlén, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na moja, akiburuta sanduku kwenye kigari cha sokoni. Mlikuwa na CD themanini na nne. Nne kati ya hizo hazikuwa na jalada, zimeandikwa kwa kalamu tu: *Hilding, kanisani.*

Hilding alikuwa mumewe. Alipiga kinanda cha kanisa kwa miaka thelathini na minane, na alikuwa amezikwa Juni ya mwaka huo. Gunvor alikuwa anahamia chumba kimoja katika nyumba ya wazee. Sanduku lisingepata pa kukaa.

"Nikiziingiza nzima, kifaa chako kitabeba CD kumi na moja tu," Egon alimwambia.

"Na nikizitaka zote?"

"Nitazibana. Hutasikia tofauti, Gunvor. Hakuna anayesikia."

"Na hizi zenyewe nizipeleke wapi?"

"Katupe. Hazina kazi tena."

Egon alichagua kipimo kimoja cha kubana, ili zote zienee, akabonyeza, akaenda kunywa kahawa. Leo anasimulia: "Zile nne zingeenea nzima, zilizobaki ningezibana zaidi kidogo. Nafasi ilikuwepo. Ila sikuuliza ni za nini. Ilikuwa Ijumaa, nilitaka kufunga."

Baada ya siku kumi na nane Gunvor alirudi. Hakuvua koti. Aliweka kifaa mezani pamoja na hedifoni zake.

"Hilding yuko wapi?"

"Si huyo anapiga? Mbona kinanda kinasikika vizuri tu?"

"Kinanda nakisikia. Yeye simsikii."

Ndipo akamweleza. Hilding alikuwa na tabia ya kuuvumisha wimbo kooni huku akipiga, mdomo umefumbwa. Wanakwaya walimtania miaka yote. Yeye akibisha kwamba havumishi. Kwenye CD alisikika chini kabisa ya kinanda, kwa mtu aliyejua pa kusikiliza. Gunvor alijua. Baada ya mazishi alikuwa akisikiliza hiyo sauti kila asubuhi, chai ikipoa mkononi.

Egon alivaa hedifoni. Alisikia kinanda, na chini ya kinanda hakuna kitu. Mashine ilikuwa imepima ikaona mvumo wa mzee yule hauna maana.

Alifunga duka mchana huo, wakaenda wote hadi kituo cha taka. Mhudumu aliwaonyesha kontena tupu. Mzigo wa wiki ile ulikwishasagwa. Gunvor hakulia. Alisema, "Nilizitupa kwa mkono wangu, Egon. Uliniambia nikatupe, nikatupa."

Aliyekuwa amezirekodi ni Alrik, mwanakwaya aliyehamia mji wa Sundsvall. Egon alimfuata huko. Alrik alibakiwa na CD moja, na alikuwa ameiweka kwenye rafu ya dirishani, juani, miaka mitano. CD za kurekodiwa nyumbani hufa zikipigwa na jua. Egon alihangaika nayo wiki tatu, akabadilisha mashine nne. Alichookoa ni ubeti mmoja: dakika moja na sekunde kumi.

Humo Hilding yumo.

Aliupeleka mwenyewe nyumba ya wazee. Gunvor alisikiliza amefumba macho, mara mbili. "Ndiye," alisema. Kisha akavua hedifoni taratibu. "Asante. Zamani nilikuwa naye saa nne nzima."

Hakumlaumu tena, na hakurudi tena dukani. Alifariki mwaka 2019. Egon alienda mazishini akakaa kiti cha nyuma. "Angenitukana ningepona," anasema.

Sasa kodi ya chumba imepanda na duka litafungwa mwisho wa Aprili. Na kuna jambo jingine: sikio lake la kushoto halisikii tena sauti nyembamba, la kulia linafuata. Daktari anamkadiria miaka miwili kabla ya kuwa kiziwi.

Mpango wake ni kupakia mashine kwenye gari mwezi Mei na kuzunguka vijiji vya kando ya mto Ångerman, nyumba kwa nyumba, kwa wenye CD za kurekodiwa nyumbani zinazooza kwenye droo. Arusi, kwaya, watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Atazinakili zote nzima, hata moja hataibana.

Rune, ambaye bado anamsubiri mzee wake, anamtazama juu ya miwani. "Na ukishakuwa kiziwi, mwenzangu? Utajuaje kama umenakili sawasawa?"

Egon anaitia CD kwenye mashine na kuufunga mlango wake kwa kidole.

"Sitahitaji kujua," anasema. "Ikiingia nzima, inabeba hata nisichokisikia."