Wavu Uliochanika Ndani ya Kompyuta

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Siku ile, kwenye duka la steshenari pale Mbinga, nusura niitupe kompyuta ya watu barabarani. Zilibaki siku nne nirudi chuoni kuonyesha kazi yangu ya mwisho, na kazi yenyewe haikubali. Nilikuwa nimetengeneza wavu ndani ya kompyuta: unaushika kwa kipanya, unauvuta, nao unajikunja palepale kama wavu wa kweli. Ukiuvuta taratibu, unakwenda. Ukiuvuta kwa nguvu, mafundo yanaruka huku na huko, kioo kizima vurugu. Na mwalimu alishasema atauvuta kwa nguvu. Ukichanika, narudia mwaka.

Baba alikuwa amepanda kutoka ziwani kuleta usipa, dagaa wa kwetu, sokoni, akapita kunijulia hali. Nikamwamkia shikamoo huku nimenuna. Akatazama kioo, akaniambia nivute tena aone. Nikavuta, ukasambaratika. Akacheka. Nilichukia mpaka masikio yakapata moto.

"Unavuta kama unang'oa kisiki," alisema. "Kokoro likiwa zito, mkono unalegeza kamba kwanza. Ukikaza tu, unachana."

Kokoro ni ule wavu mrefu tunaouvuta kwa kamba tukiwa ufukweni. Utotoni nilikuwa naukwepa kila Jumamosi, nasingizia vitabu. Haya sasa. Kosa langu nililiona palepale: nilikuwa nimekigandisha kipanya kwenye fundo la wavu, kikienda, nalo linaburutwa kwa lazima. Hapakuwa na kamba katikati. Nikaiweka, kamba isiyoonekana, yenye kulegea kidogo uzito ukizidi. Mistari michache tu ya programu, jamani, na mimi nilikuwa nimekonda wiki mbili.

Nikamwachia baba kipanya, kitu ambacho hajawahi kukishika maishani. Akakivuta kwa mkono wake ule wa kamba, kwa nguvu zote, mpaka kikaanguka kutoka mezani. Wavu ukanyooka, ukalegea, ukamfuata. Haukuchanika. Nilifurahi mno, nikamkumbatia mbele ya wateja, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanyiki.

Chuoni mwalimu aliuvuta mpaka akachoka. Akaniuliza ujanja huo wa kamba nimeusoma kitabu gani. Nikamwambia nimefundishwa na baba, katika somo nililokuwa nalitoroka kila Jumamosi.