Matairi ya Antoinette Nsimire

Walipofika mgongoni mwa kilima, mahali barabara inapoanza kuteremka kuelekea bonde la Nzahaha, Antoinette Nsimire alizima injini, akashuka na kuchuchumaa kando ya gurudumu la mbele. Abiria wake, msafiri mwenye mkoba wa turubai ambaye hajawahi kukanyaga pande hizi, alisikia hewa ikitoka kwa mlio mkali, akadhani wamepata pancha.

"Pole sana, mama. Je, kuna tairi la akiba?"

"Pole ya nini, Papa? Ni mie niko natoa upepo." Antoinette alicheka bila kuinua kichwa. Kiswahili cha mgeni huyu kilikuwa kikimchekesha tangu Kamembe. Kila neno kama limepigwa pasi. "Kule kwa lami mupira inasimama wima kama askari. Huku kwa udongo inafaa ikae kama mama wa soko: ijipanue, ishike chini."

Alipima kwa kipimo kidogo cha upepo, ambacho hukitunza ndani ya soksi kuukuu ya mumewe, kisha akahamia gurudumu la pili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na bonde lote lilifuka mvuke. Alipomaliza la nne, alisimama na kutazama mteremko. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

Juzi Jumamosi ilikuwa siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, na watu wa Nzahaha walikuwa wameitengeneza barabara. Kwenye kona ya katikati, penye mashimo aliyoyajua moja moja kama meno ya mdomoni mwake, sasa palikuwa tambarare, pamefunikwa udongo mpya mwekundu. Ulikuwa umepigwapigwa kwa migongo ya majembe ukalainika vizuri. Mvua nayo ilikuwa imeunywesha mpaka ukashiba.

"Wameitengeneza vizuri," alisema mgeni.

Antoinette alirudi kwenye usukani.

Leo hakuja kama siku nyingine. Bamama wa chama cha nyanya cha Nzahaha walikuwa wanachagua gari la msimu mzima. Kama pikapu yake itapanda na shehena kamili bila kusukumwa, yeye ndiye atakayepeleka nyanya mpaka Rusizi ya Kwanza, pale mpakani ambapo wachukuzi huzipokea na kuzivusha Bukavu. Ikishindwa, kazi itakwenda kwa Kayitare mwenye lori. Lori la Kayitare haliwezi kuteremka bondeni mvua ikinyesha. Lingengoja juu, na bamama wangepandisha makreti kichwani, kilima chote, miezi mitatu.

Antoinette alijua uzito wa kreti la nyanya kichwani. Alizaliwa Kadutu, huko Bukavu, akaolewa Kamembe na Muderhwa, fundi cherehani, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa mmoja wa wale wanaovuka daraja asubuhi na mzigo, jioni na mwingine. Mara ngapi alisimama mpakani akingoja gari lililokwama Nzahaha, na lilipofika nyanya zimekuwa mchuzi! Siku aliyopata pikapu yake, iliyokwisha kutumika lakini yenye injini nzima, aliapa kwamba yake haitangojwa.

Lakini pikapu ilikuja na matairi ya lami, na msimu wa kwanza wa mvua ilikwama mara nne. Mara ya nne ilivutwa na ng'ombe wawili, watoto wakiimba nyuma. Ndipo Antoinette alipokwenda kwa Harelimana, fundi wa matairi karibu na msikiti wa Kamembe, yule ambaye watu wa Bukavu humwita kwado, akamwambia anataka matairi mapya.

"Nikupe ya matope, Maman," alisema Harelimana, akimwonyesha moja lenye magego makubwa kama ya trekta. "Hii itapanda hata ukuta."

"Na kwa lami?"

"Kwa lami itapiga kelele, na mvua ikinyesha itateleza kidogo."

"Kidogo ya kufika kwa mto ama kidogo ya kufika kwa Mungu?"

Harelimana alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Antoinette hakucheka. Alimpakia garini, wakaenda Nzahaha na kurudi, na kila waliposhuka alimtaka amwonyeshe gurudumu limeumia wapi. Theluthi mbili za safari yake zilikuwa lami, theluthi moja udongo na mawe. Tairi la lami lilikuwa linamtumikia asubuhi na kumsaliti mchana. La matope lingefanya kinyume chake. Alitaka lile la katikati, la barabara zote, lenye meno mapana yaliyokaribiana, na ubavu mgumu wa kustahimili mawe ya kona.

Kulipata kulimchukua wiki tano. Katika duka moja la vitu vilivyotumika aliletewa seti iliyong'aa, mifereji yake mirefu na safi. Aliingiza kidole, akanusa. Harufu ya mpira uliochomwa. Mtu alikuwa amechukua tairi kipara akalichonga mifereji kwa chuma cha moto. "Hii ni mzee amenyoa ndevu," alimwambia muuzaji, akaondoka. Kwingine alisoma zile namba nne za ubavuni zinazotaja juma na mwaka tairi lilipotengenezwa, akakuta limekaa dukani muda mrefu kuliko ndoa ya dada yake. Alipoyapata aliyoyataka, mapya kweli, Harelimana aliyafunga huku nusu ya mtaa ikitazama, na Antoinette alisimama pale mikono kiunoni kama mama wa bibi harusi.

Tangu hapo ameishi nayo kama watu wanavyoishi na mkwe mwenye kelele. Kwenye lami yananguruma. Muderhwa husema humsikia mkewe tangu kule uwanja wa ndege, akawahi kuinjika ugali. Yanakunywa mafuta kidogo zaidi, na hilo Antoinette hulikubali bila kutafuta maneno. Kila jioni hukaa kwenye kigoda na bisibisi kuukuu, akitoa vijiwe vilivyonasa katikati ya meno. Kila baada ya miezi michache huyahamisha, la mbele kulia likaenda nyuma kushoto, ili yazeeke pamoja. Mwaka wa tatu huu, na hayajamwacha njiani hata siku moja.

Kushuka hakukuwa shida. Pikapu ilipita kwenye udongo mpya ikizama kidogo, ikatokeza chini kwenye banda la chama. Mukeshimana, mwenyekiti, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alimlaki mikono juu.

"Maman Antoinette! Umeona barabara?"

"Nimeiona."

"Tulitengeneza juu yako! Bamama wote. Nilisema, gari ya mwanamuke mwenzetu haiwezi kurukaruka kwa mashimo kama mbuzi. Tulibeba udongo tangu saa mbili!"

Wanawake wengine walitabasamu, wakingoja. Antoinette alijua udongo ule utafanya nini ukikanyagwa na gari lenye shehena. Alijua pia jinsi bega linavyouma baada ya kubeba karai asubuhi nzima.

"Aksanti sana," alisema. "Mulifanya kazi kubwa."

Kayitare naye alikuwapo. Lori lake alikuwa ameliacha juu pembeni, akashuka kwa miguu, suruali imekunjwa magotini. "Habari ya bibi harusi wako?" alisema, akilipiga tairi teke la utani. "Mamaa, uzuri wa viatu unaonekana kwa kucheza."

"Utaangalia ngoma bure, Papa Kayitare. Sogeza tu miguu yako."

Walipakia makreti arobaini, mazito kuelekea mbele ya karosi, ile sehemu ya mizigo. Antoinette aliweka gia ya chini, magurudumu yote manne, akaanza kupanda. Alipanda vizuri, taratibu, mpaka konani. Hapo angeweza kushika ukingo wa ndani, kwenye mwamba wa zamani ambao haukufunikwa. Lakini bamama walikuwa wamejipanga kandokando ya kazi yao, wakipiga makofi. Hakuwa na moyo wa kuikwepa mbele ya macho yao. Akapita katikati.

Gari likazama kama kijiko kwenye uji. Matairi yalizunguka mara mbili, tatu, kisha akaondoa mguu mara moja, kwani anayeendelea kukanyaga hapo hujichimbia kaburi. Alichungulia dirishani. Meno yote yalikuwa yamejaa udongo; tairi limekuwa laini kama yai.

"Tusukume?" aliita Mukeshimana.

"Hapana! Muntu yeyote asikae nyuma!"

Alirudi nyuma polepole, akiongozwa na mgeni aliyekuwa akipunga mikono yote miwili kwa wakati mmoja, mpaka akafika chini. Kayitare alitazama juu kwenye lori lake, na mtazamo huo ulimuuma Antoinette kuliko lile teke.

Alishuka. Angeweza kuisingizia mvua, na kila mtu angekubali. Badala yake alimwendea Mukeshimana, akamshika mkono.

"Mukubwa wangu, nilikudanganya. Hii udongo mulimwaga, ndiyo inanishika. Mashimo yale yalikuwa na mawe chini. Mipira yangu inapenda mawe. Mulinifunika mawe yangu."

Mukeshimana alikunja uso. "Na ulipofika uliniambia aksanti."

"Niliona haya."

"Eh! Asubuhi nzima tunabeba, kumbe tunamutandikia gari kitanda!" Alipasuka kwa kicheko, na wengine wote wakafuata, mmoja akiegemea jembe ili asianguke. "Basi tumuamushe. Unataka tutoe yote?"

"Njia mbili tu. Kule kwa ukingo ningepita leo, si msimu muzima. Upana wa mupira, hapa na hapa. Mpaka musikie jembe linalia kwa jiwe."

Majembe yalikuwapo bado bandani. Wanawake kumi na moja walipanda konani, na mgeni pamoja nao na mkoba wake mgongoni. Antoinette alilala ubavu chini ya gari na bisibisi yake, akachokoa udongo jino kwa jino, magurudumu yote manne, kitenge chake kikawa rangi moja na barabara. Alipunguza upepo tena, kidogo tu, akisikiliza kwa sikio kuliko kipimo. Huko juu chuma kiligonga jiwe, kisha kikagonga tena.

"Tayari!" aliita Mukeshimana, akateremka mbio na kuingia kiti cha mbele. Chama kilikuwa kimekubaliana kwamba mwenyekiti ataisindikiza shehena ya kwanza hadi mpakani. Mgeni, aliyekwisha kufika alikokuwa anakwenda, aliteremka naye, akasimama kando na jembe la mtu mkononi.

"Sitasimama huko juu," Antoinette alimwambia kupitia dirishani. "Ukisimama kwa hii kilima umekubali kushindwa. Kwa hiyo nakuaga hapa, Papa. Bamama bakulishe muzuri."

Safari hii hakumtazama mtu. Aliweka magurudumu kwenye njia mbili, akaacha gari litembee kwa mwendo wake, bila kuongeza wala kupunguza. Konani alihisi kwenye mikono meno yakitafuta, yakitafuta, kisha yakauma. Jiwe la kwanza, la pili. Pikapu iliinama upande mmoja kama inayowaza, ikajiinua, ikapita. Kifua chake kilijaa kitu kikubwa asichokuwa na muda wa kukitazama. Mukeshimana, kando yake, alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili na kupiga kelele kama shabiki wa mpira.

Alipita kando ya lori la Kayitare bila kusimama, akapiga honi mara moja, na gari likapotelea nyuma ya migomba.

Konani, walikopanda wote baada ya gari kupita, Kayitare alichuchumaa, akapima kwa kidole kina cha alama zilizoachwa ukingoni mwa njia, mistari safi kama iliyokatwa kwa kisu.

"Anarudi lini huyu?" aliuliza.

"Alhamisi," alisema mwanamke mmoja, akichukua jembe lake mikononi mwa mgeni. "Na Jumatatu. Na msimu wote."