Kipande cha Kumi

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Mashuka alikuwa akikunja mashuka ya hospitali. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya jengo, hakina dirisha hata moja, na mvuke wa mashine za kupigia pasi uliwafanya wote waliomo waonekane kama wametoka kulia. Shuka hukunjwa na watu wawili: mmoja huku, mwingine kule, mnasogeleana, mnaachana, mnasogeleana tena. Fanya hivyo mara mia tatu kwa siku, na jioni ukiwa umekaa kitandani mikono inaendelea kukunja vitu ambavyo havipo.

Likizo yake iliangukia mwanzoni mwa msimu wa kupanda milima kila mwaka, wakati theluji bado haijaamua kuondoka milimani. Miezi ya joto ilichukuliwa na wenye watoto wa shule. Wa kwake walishakua, wakaenda zao. Na kila likizo, badala ya kulala kama watu wengine, alifunga virago akaenda kutembea. Kulikuwa na njia ndefu iliyopita migongoni mwa milima, safari ya siku hamsini na kitu kwa mtu mwenye nafasi. Yeye alikuwa na siku sita. Basi akaikata vipande: mwaka huu kutoka darajani mpaka kijiji fulani, mwaka ujao kutoka kijiji hicho mpaka kingine. Tisa alishamaliza, vitatu vimebaki.

Alianza na mumewe, fundi viatu, mtu mpole mwenye vidole vyeusi kwa rangi. Mwaka wa tano magoti ya fundi yakagoma. Ndipo dada wa mume akajitolea. "Nitakwenda mimi," alisema. "Siwezi kumwacha wifi yangu aongee na mawe."

Huyo wifi alikuwa mstaafu wa stesheni ya treni. Miaka thelathini alikaa nyuma ya kioo akiuza tiketi, kila abiria akipata nusu dakika ya mazungumzo, na sasa maneno yote aliyokatishwa yalikuwa yakimtoka kwa mkupuo. Aliongea akipanda, aliongea akishuka, aliongea huku anatafuna. Mama Mashuka alimpenda. Ila kuna siku masikio nayo huhitaji likizo.

Kipande cha kumi ndicho walichokiogopa tangu mwanzo, kwa sababu kilipita kwenye pengo kati ya vilele, la juu kuliko yote njiani. Na mwaka ule haukuwa mzuri. Wenzake wawili kazini walikuwa wameacha na hakuna aliyeletwa badala yao. Asubuhi ya kuondoka, mumewe alisimama mlangoni na kikombe mkononi, akamtazama akifunga kamba za viatu kana kwamba anafunga gunia.

"Kwani lazima?" akamuuliza.

"Basi linaondoka saa mbili."

"Sikuulizia basi, mke wangu."

Akakaza fundo la mwisho, akabeba begi.

Siku ya kwanza walipanda msituni chini ya matone. Siku ya pili wakafika kwenye mto uliopaswa kuwa na daraja la mbao. Daraja lilikuwepo, lakini mbao zake zilikuwa zimepangwa ukingoni na kufunikwa turubai. Kila majira ya baridi hutolewa zisije zikachukuliwa na maji, na mafundi hawakuwa wamepanda bado kuzirudisha. Wakavua suruali, wakashikana mabega, wakavuka maji yaliyofika mapajani, baridi yake kama kisu. Ng'ambo wakakaa juu ya mwamba kukamua soksi. Wifi alitetemeka mpaka meno yakagongana, na bado hakuacha kuongea.

"Nikifa hapa," alisema, "mwambie kaka yako... yaani kaka yangu, mume wako, jamani hata ukoo nimeusahau! Mwambie nimekufa na tai shingoni."

Mama Mashuka alicheka kwa pua. Kucheka kwa mdomo kulihitaji nguvu.

Siku ya tatu waliondoka alfajiri, theluji ikiwa bado ngumu. Walifunga chini ya viatu vyuma vyenye meno ya kung'ata barafu, Mama Mashuka akatangulia. Alama za njia zilikuwa zimefukiwa. Hapa na pale kilichomoza kichwa cha jiwe lenye rangi nyekundu, halafu hakuna kitu kwa mwendo mrefu, weupe mtupu ukipanda mbele yao. Alihesabu hatua arobaini, akasimama, akapumua, akahesabu arobaini nyingine. Jua lilipotoka mlima mzima ukawaka. Hata nyuma ya miwani ya jua alilazimika kukunja uso.

Wifi yake alikuwa amenyamaza. Tangu jua litoke hakusema neno, na Mama Mashuka alikishukuru kimya kile kama mtu aliyepewa kiti. Hakugeuka kumtazama. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Saa nne na nusu wakafika juu. Mara tisa huko nyuma, mwisho wa kila kipande, moyo wake ulikuwa umeruka, hata kama ni kidogo. Safari hii alisubiri uruke. Upepo ulimpiga kifuani, akaona amesimama tu, kama anayengoja toroli la mashuka lishushwe na lifti.

"Tumefika?" wifi aliuliza kutoka nyuma, kofia imevutwa mpaka puani.

"Tumefika."

"Kunaonekanaje?"

"Kuna mlima mwingine."

Alidhani wifi ameuliza kwa utani.

Kushuka kulikuwa kubaya zaidi. Jua lililegeza theluji, na kila hatua ya nne au ya tano mguu ulizama mpaka kwenye paja. Unauchomoa, unazama wa pili. Saa tisa alasiri, nguo zikiwa zimelowa mpaka kiunoni, waliona paa la kibanda cha wapanda milima. Kilikuwa kimefungwa mpaka msimu ushike kasi, isipokuwa chumba kimoja kinachoachwa wazi kwa watu kama wao: vitanda vinne vya mbao, blanketi za sufu, jiko la kuni, dirisha moja dogo. Mama Mashuka akatua begi na kuanza kupasua kuni.

Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda, viganja vimefunika uso. Machozi yalimtiririka katikati ya vidole.

"Vipi tena?"

"Moshi," alisema wifi.

Mama Mashuka alitazama jiko. Hata kiberiti hakuwa amewasha.

Akapiga magoti mbele yake, akamwondoa mikono. Macho yalikuwa mekundu kama nyama, kope zimevimba, na mwanga wa dirisha ulipomgusa wifi alipiga kelele ndogo, kama mtoto.

"Miwani yako iko wapi?"

Wifi akageuzia uso ukutani.

"Wifi. Miwani iko wapi?"

"Kule mtoni. Niliiweka juu ya mwamba tulipokuwa tunakamua soksi. Jana jioni ndipo nikakumbuka."

Wanaotembea mapema wanalijua hilo, hata Mama Mashuka alikuwa amelisoma: theluji huurudisha mwanga wa jua usoni, na jicho lisilo na kinga huungua kama ngozi. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, kama mchanga uliomwagwa chini ya kope. Hupona lenyewe, kwa giza na subira. Aliichana foronya aliyokuwa akijaza nguo kama mto, akalowesha kitambaa kwenye maji baridi, akayafunika macho ya wifi yake, akaziba dirisha kwa blanketi. Alikuwa na hasira, na hakujua anamkasirikia nani.

Kesho yake wifi hakuweza kufumbua macho kabisa, kwa hiyo walibaki pale. Chakula kilikuwepo, tambi na biskuti za siku mbili zaidi. Nje theluji ilidondoka kutoka paani kwa mafungu. Mchana ule Mama Mashuka alikuwa akibadilisha kitambaa, akashindwa kujizuia.

"Kwa nini hukuniambia? Tungepokezana yangu."

"Ningekuambia, usingepokezana. Ungetua begi, ukarudi mtoni peke yako, ukavuka kila penye maji, ukaniletea miwani, halafu usiseme kitu mpaka wiki iishe. Nakujua. Wengine wakichoka hulalamika. Wewe unajikunja."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Kosa ni langu, na macho ni yangu. Nakueleza tu nilivyoogopa uso wako."

Mama Mashuka alikaa kitanda cha pili. Jiko lilipasukapasuka. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba uso wake unatisha. Daima alidhani ana uso wa mtu anayejikaza kisabuni, wala hamsumbui yeyote.

"Bado unapenda kutembea?" wifi akauliza.

"Swali gani hilo sasa?"

"Macho yangu yamefungwa, wifi. Siwezi kuona ukikunja uso. Nijibu kwa mdomo."

Alitazama viatu vyao viwili viwili mbele ya jiko, midomo wazi, vikitoa mvuke.

"Nilipenda," alisema mwishoni. "Vipande vitatu vya kwanza nilipenda sana. Nilikuwa nikirudi kazini nasikia harufu ya miti mpaka wiki ya pili. Sasa naona kama zamu. Naamka, nahesabu hatua, nafika, naandika tarehe. Jana pale juu sikusikia chochote, wifi. Chochote. Nimechoka, na si miguu."

Alitegemea wifi amwage maneno, maana kuyamwaga alikuwa hodari. Wifi alipapasa hewani mpaka akapata goti lake, akalishika.

"Basi leo tusitembee," alisema.

"Leo hata tukitaka hatuwezi."

"Ndiyo. Lakini leo tusitembee kwa sababu hatutaki."

Wakacheka wote wawili, wifi akishika macho yake kwa maumivu, "Usinichekeshe, yanachoma!" Kisha Mama Mashuka akajilaza kwa dakika tano, na aliposhtuka saa nne nzima zilikuwa zimepita, moto umebaki majivu, na wifi amekaa wima gizani, mikono mapajani, akimlinda asiamshwe na mtu ambaye hayupo.

Asubuhi iliyofuata jicho la kushoto liliweza kutofautisha kivuli na mwanga, basi. Nje ya kibanda palikuwa na kibao chenye mishale miwili. Mmoja ulielekea ziwani, siku mbili, kupitia bega jingine la theluji. Hapo ndipo kipande cha kumi kilipoishia. Mwingine ulishuka bondeni hadi barabarani. Mama Mashuka alisimama mbele ya kibao kile muda mfupi kuliko alivyotarajia.

"Tunashuka," alisema.

"Itabaki nusu."

"Ibaki."

Wifi alishika mkanda wa begi lake, na kwa saa tano Mama Mashuka akawa macho ya watu wawili. "Jiwe. Hatua ndefu. Sasa maji, madogo tu. Mzizi, inua mguu. Hapa kuna theluji laini, kanyaga nilipokanyaga." Hakuwahi kuongea kiasi kile maishani. Koo lilimkauka, sauti ikakwaruza. Penye kijito alivusha begi lake, akarudi akavusha la wifi, akarudi tena akamvusha wifi mwenyewe, maji yakipiga magoti. Wifi alianguka mara moja, akakaa kwenye tope meno yote nje, akisema sasa ameelewa kwa nini njia hii watu huisifu, mandhari yake ni ya ajabu. Mama Mashuka alicheka mpaka akalazimika kukaa naye chini, na kuinuka tena kuliwachukua muda.

Walipoikanyaga lami ilikuwa adhuhuri. Nyasi za kando zilikuwa kavu. "Nipumzike dakika mbili," alisema Mama Mashuka, na kabla hajamaliza kulivua begi alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, jua usoni.

Kwa hiyo wifi ndiye aliyesikia injini. Alipapasa mpaka ukingo wa barabara, kitambaa machoni, akaipunga fimbo yake ya kutembelea kwa nguvu zote upande ambao hakuna kitu. Lori la maziwa likasimama nyuma yake.

"Mama, gari liko huku," dereva aliita. Akateremka, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mgonjwa ni nani kati yenu?"

"Mimi sioni," alisema wifi. "Lakini mbebe huyu kwanza."

Daktari wa mji wa bondeni alimpa wifi matone ya macho na kumwambia akae kwenye giza siku tatu. Macho yalipona. Nyumbani, fundi viatu alivipokea viatu vyao kabla ya kuwapokea wenyewe, akavigeuza, akatikisa kichwa kwa jinsi nyayo zilivyolika. Mama Mashuka alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti.

"Mmefika ziwani?"

"Hapana."

"Mtarudi mwakani kumalizia?"

Miaka yote swali hilo alikuwa na jibu lake tayari, na tarehe, na saa ya basi. Sasa alitazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa imetulia.

"Sijui," alisema.

Mumewe hakumuuliza tena. Akamvua soksi, moja moja, akamletea maji ya moto ya miguu. Saa kumi za jioni, jua bado liko juu na watoto wa jirani wanapiga kelele uani, Mama Mashuka akaenda kulala.